Maharagwe ya Luteni Crane

Jumatatu, 7 Aprili 1690
Siku ya gwaride. Wanamgambo arobaini na wawili mbele ya nyumba ya ibada, nusu yao bila baruti. Nikatoa amri — kila mtu akageukia upande wake. Luteni Crane akawatania kidogo, wakacheka, safu ikanyooka! Kapteni ni mimi, miaka tisa sasa. Na kwa miaka sita nimekuwa mjumbe wa mji huu kwenye Baraza kule Boston, siku mbili juu ya farasi kwenye matope, kwenda kutunga sheria wanazozinung'unikia. Baada ya gwaride pombe ya matufaha ilipomiminwa, walimzunguka yeye. Nilikunywa peke yangu. Imeniuma, sitajidanganya.

Jumatano, 9 Aprili
Mke wangu Thankful katoka kwa mjane Pell, sifa tupu mdomoni. Luteni kamtengenezea uzio. Luteni humsomea barua. Luteni, Luteni! Nikamwuliza kama pia hutembea juu ya maji. Akaniambia nisikufuru, akaendelea kukanda mkate.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimeona kwa macho yangu. Crane anapita nyumba kwa nyumba na mfuko, kila mlango anachota maharagwe na kuwapa watu. Maharagwe! Alhamisi tunapiga kura ya mjumbe, na hapa kwetu hata mtoto anajua: punje ya hindi kwenye kofia ni kunirudisha Barazani, haragwe ni kunitupa nje. Mchana kweupe, bila haya! Nilipokutana naye aliniuliza hali ya goti langu. Mnafiki.

Jumamosi, 12 Aprili
Amri imefika kutoka Boston. Watu kumi na wawili waende kulinda ngome ya mpakani, na ofisa mmoja. Ofisa nimteue mimi. Majira ya baridi walikwenda tisa, wakarudi wanne.
Nimeandika jina la Crane.

Jumatatu, 14 Aprili
Jana Mchungaji alisoma habari za Daudi na Uria, jinsi mfalme alivyomweka askari wake mahali vita vilipokuwa vikali. Nilitazama buti zangu ibada nzima. Imetokea tu, Mchungaji hajui lolote. Tena mimi simtamani mke wa Crane — hana mke!

Jumatano, 16 Aprili
Wameondoka asubuhi. Crane hakulalamika hata kidogo. Kabla ya kupanda farasi alinivuta kando, akanitia punje ya hindi kiganjani.
"Kesho sitakuwepo, Kapteni. Nitumbukizie hii. Kule Boston hatuna mwingine kama wewe."
Nikamwuliza na yale maharagwe aliyokuwa akigawa.
"Ya mbegu. Panya walimaliza mbegu za watu ghalani. Yako nilimwachia mkeo, Mama Hatch, hakukuambia?"
Nimerudi nyumbani mbio, goti likilia. Yapo. Bakuli zima, juu ya rafu, pale pale ninapokula uji kila asubuhi. Thankful asema alidhani nimeyaona.
Ee Mungu, nimefanya nini?

Alhamisi, 17 Aprili
Nimeshinda. Mahindi thelathini na nane, maharagwe matatu tu. Hindi la Crane nililitumbukiza mwenyewe.
Watu wake wanatembea kwa miguu, leo watapumzika kwenye kivuko. Farasi mzuri atawapata kabla ya jioni. Sajini Munn amekubali kwenda kushika nafasi yake, hana kinyongo. Barua nimekwisha kuiandika: Luteni Crane arudi mara moja. Imebaki sahihi.
Munn yuko mlangoni, farasi ametandikwa. Mchangamfu kupita kiasi.
"Mji mzima utatoka kumpokea, Kapteni. Wanasema mwakani aende yeye Boston, wewe upumzishe goti."
Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linalonichoma — hakuna anayesema kwa ubaya! Hata Thankful, nyuma yake, ametikisa kichwa kukubali.
Nimemwambia Munn ampe farasi maji kwanza.
Amerudi. Kasema farasi ameshakunywa.
Nimemwambia ampe na shayiri.