Namba ya Simu Uliyoijaza

Dada yangu,

Sisi hatujambo. Mama sasa anafika mlangoni bila fimbo, na cherehani yake nimeitia mafuta.

Siku uliponijazia maombi ya chuo uliniambia, "Ukishatuma, kazi yako ni kusubiri tu." Nimesubiri miezi mitatu. Kila nikikuuliza, unajibu, "Bado, mdogo wangu. Subira huvuta heri." Nikawa nawalaani watu wa chuo.

Jumatatu nilikwenda huko mwenyewe. Karani alitazama kompyuta, akanitazama mimi. "Binti, ulichaguliwa. Tulikutumia namba ya siri ili uthibitishe. Mbona uliikataa nafasi mwenyewe?"

Namba hiyo ilikuja kwenye simu yako, dada. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakitafuta kwenye ofisi za watu.

Ungeniuliza tu, "Ukiondoka, Mama atabaki na nani?" Huenda ningebaki kwa hiari yangu.

Mama sijamwambia. Kila akimaliza kusali anakuombea wewe, kwa jinsi unavyohangaikia masomo yangu. Nami, kwa kuwa nimekaa karibu yake, huitikia amina.

Mdogo wako,
uliyemjibia.