Picha ya Mama Niliyoitengeneza

Majengo, Dodoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Shangazi Agata aliniambia baridi ya Mbinga safari hii imekuandama hadi shambani, nikawa na wasiwasi. Mimi huku ni mzima wa mwili.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nimekupigia mara mbili wiki hii, na mara zote nimeishia kukuuliza habari za ng'ombe. Ninalotaka kukwambia halisemeki kwenye simu. Ningesikia unavyonyamaza, ningekata.

Kazi yangu unaijua: studio ndogo, picha za pasipoti, za mahafali, kusafisha sura za watu kwenye kompyuta. Siku hizi wanafunzi wa vyuo na vijana wa maofisini wanataka picha zinazofanana na zile za kamera za plastiki za zamani, zile za bei rahisi zilizokuwa kama vitu vya kuchezea watoto. Lenzi yake plastiki, kifuniko hakibani, mwanga unapenya na kuunguza filamu. Kasoro hizo ndizo watu wanazozipenda leo, nami nimejifunza kuzitengeneza. Nachukua picha safi ya simu, natia giza kwenye pembe, nafifisha kingo, navuruga rangi mpaka nyeupe inaingia umanjano, halafu naongeza mchirizi mwekundu pembeni kama mwanga uliovuja. Nusu saa tu, picha ya jana inaonekana ina miaka thelathini. Naifanya vizuri, baba. Hapo ndipo makosa yangu yalipoanzia.

Yalitangazwa maonyesho kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, ya picha za zamani za familia. Kila mtu alete moja na maelezo mafupi. Wenzangu walileta baba zao wakiwa na suruali pana, bibi zao siku ya harusi. Mimi sikuwa na kitu. Mama alifariki nikiwa na miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kumpiga picha. Ningeweza kukaa pembeni. Sikukaa.

Kuna mama mmoja wa Kigogo, Mama Yuditi, mwenyeji wa Kongwa, anauza karanga na mboga ya mlenda iliyokaushwa mbele ya studio yetu. Nilipofika hapa sijui mtu, ndiye aliyenitafutia chumba cha kupanga. Nilipougua malaria, ndiye aliyeniletea uji. Nilikuwa nimempiga picha akipepeta karanga, ameinamisha kichwa, anacheka na mtu asiyeonekana. Nikaichukua ile. Nikafuta mwamvuli wa rangi uliokuwa nyuma yake, nikatia giza, nikatia mchirizi mwekundu. Chini nikaandika: "Marehemu mama yangu, Mbinga. Ilipigwa na baba kwa kamera ya plastiki aliyoinunua mnadani baada ya kuuza kahawa."

Wewe, baba, ambaye hujawahi kushika kamera. Nilikuingiza kwenye uongo bila kukuuliza.

Watu waliipenda sana. Mama mmoja mtu mzima alinishika mkono akalia, nami nikalia naye, na machozi yangu yalikuwa ya kweli. Wengine waliipiga kwa simu zao pamoja na yale maelezo, wakaisambaza.

Siku ya tatu, mchana, nikiwa nawaeleza wageni jinsi ulivyokuwa ukihifadhi filamu kwenye kopo la majani ya chai, Mama Yuditi aliingia. Alikuwa na kaka yake, mzee mrefu mwenye koti zito, na wanawake wawili waliojitanda kanga. Walikuwa wametoka Kongwa asubuhi ile kuja kumzika. Mtu wa kijijini kwao aliiona picha kwenye simu, akasoma neno "marehemu", akakimbia kwa kaka mtu. Walipompigia Mama Yuditi hakupatikana, simu haikuwa na chaji. Wakapanda gari. Walipofika Majengo wakamkuta anampimia mteja karanga, ndipo wakaja naye ukumbini kuiona picha yenyewe.

Mama Yuditi aliisogelea picha. Alisoma polepole, kwa sauti, kama anavyosoma Biblia yake. Alipomaliza akanigeukia.

"Mwanangu, mimi nimekufa lini?"

"Samahani mama, waliochapa maelezo wamekosea," nikasema. Ndiyo, baba, hata pale nilidanganya tena.

"Na mwamvuli? Nyuma yangu pana mwamvuli. Nao wameukosea?"

Kaka yake aliongea taratibu, bila kupandisha sauti, na hilo liliniumiza zaidi ya kelele.

"Mke wangu analia tangu alfajiri. Umemfanya dada yangu maiti ili watu wakusifu?"

Dada msimamizi wa maonyesho akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Aliishusha picha ukutani mbele ya wote, akanikabidhi huku anatazama kwingine.

Siku mbili sikwenda kazini. Siku iliyofuata nilikwenda, nikapiga magoti mbele ya meza ya Mama Yuditi. Aliendelea kupepeta.

"Inuka, unazuia wateja," akasema. Kisha, baada ya kumhudumia mtu mmoja: "Kule nyumbani wapo wanaodhani nimekufa kweli. Jumapili twende, ukaseme kwa mdomo wako."

Nikaenda. Kanisani kwao, baada ya matangazo, niliitwa mbele. Nikasema, "Naitwa Skolastika. Mama Yuditi ni mzima, huyu hapa. Nilidanganya kwamba ni mama yangu, na kwamba amefariki." Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenizomea. Nikarudi kukaa. Nje, kaka yake aliwapa mkono watu wote, mimi akanipita.

Tukiwa barabarani tunasubiri gari, Mama Yuditi akaniambia nimpige picha nyingine. "Hii usiichezee. Nionekane nilivyo." Nikampiga kwenye jua kali, na mikunjo yake yote. Nimeichapa, nimempa. Tunasalimiana, lakini haniiti tena mwanangu. Ananiita dada wa studio.

Baba, kuna jingine, na hili sijamwambia mtu. Nilikaa siku nyingi na ile picha nikiitengeneza. Sasa nikijaribu kumkumbuka mama, anayekuja ni Mama Yuditi mwenye mchirizi mwekundu pembeni. Kile kidogo nilichokuwa nacho, mkono unaonifunga kanga, harufu ya moshi kwenye nguo zake, sikipati tena. Nimekifuta mwenyewe. Sijawahi kukuuliza alikuwa anafananaje, kwa sababu tangu utotoni nimeona unavyoinuka na kutoka nje jina lake likitajwa. Kukuomba leo, baada ya kumtangazia mama uso usio wake, naona aibu mno. Lakini nakuomba.

Nisalimie shangazi Agata aliyenilea, na umsomee barua hii. Sitaki alisikie jambo hili kwa watu. Msalimie kaka Beno, na wifi aliyejifungua, mwambie nitakuja kumwona mtoto.

Hasira zikikuzuia kunijibu, nitaelewa. Ukijibu, anza na macho yake.

Binti yako,
Skolastika