Kisanduku Ambacho Hakikuwepo

Karakana ya Kufuli,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, jioni.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Kwa heshima zote, na mbele ya shahidi mmoja ambaye ni birika la chai, natangaza rasmi kwamba mjomba wako amebofya "Kubali" bila kusoma masharti.

Natumaini u mzima na kile kifua kimepoa. Mimi sijambo. Goti linalalamika, lakini goti ni kama mpangaji mzee, ukishalizoea hulisikii. Mama yako hajambo. Anasema huwa unakata simu kabla hajafuta mikono.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Ulipopiga mara ya mwisho nilikuuliza kazi yako ni nini hasa, ukasema, "Mjomba, weka Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye laptopu niliyokuachia. Ukimaliza niambie, nitakufundisha kila Jumapili." Ukanitumia na maelekezo, nami nikayafuata kama mgonjwa na dawa.

Yanasema: pakua faili, lifungue, na kabla ya yote tia tiki kwenye kisanduku cha chini kabisa, ili mashine ijue lugha inakaa wapi. Chiriku, nilikitafuta kisanduku hicho. Nilivaa miwani, nikavua miwani. Mimi niliyefungua kabati za chuma zilizowashinda wenyewe!

Nikaenda kwa jirani yangu, fundi cherehani. Akacheka mpaka akatema pini. "We Mjomba, lugha gani hiyo ya kuwekwa kwa kitufe? Mimi yangu nilinyonya!" Lakini ana kompyuta ya Windows ya kuhifadhia vipimo vya wateja, akaniacha nijaribu. Faili likafunguka, na kisanduku hicho hapo, kimetulia kama paka. Nikakitia tiki. Tukaongeza na programu ya kuandikia, ile inayopaka maneno rangi. Akauliza kama inapinda mapindo.

Ndipo nikaelewa. Maelekezo yako ni ya Windows, na mashine uliyoniachia ni ya Linux, mfumo mwingine kabisa. Uliiweka mwenyewe, mezani pangu, ukinieleza kwa nini, nami nikiitikia kama ninayeelewa. Umesahau. Si neno; watu husahau hata rangi ya mlango waliotokea.

Kwenye Linux mtu huandika amri katika dirisha jeusi. Likadai nywila. Nikaandika, haikuonekana herufi wala nukta. Nikadhani kibodi imekufa, nikaipiga brashi ya kufuli. Kumbe ndiyo adabu yake, nywila haionyeshwi. Niliporudia, mashine ikajibu kwamba Python ilikuwemo tayari. Nilikuwa natafuta punda nami nimempanda! Imo humo tangu ulipoondoka, ila huitwa kwa jina na namba yake, python3, nami nilikuwa naiita nusu.

Mwalimu mstaafu wa ghorofani aliposikia, akaniletea kompyuta ya Mac aliyoachiwa na mwanawe. Hiyo ni kama kufungua kifurushi: endelea, kubali, endelea. Ilipokaa sawa tukabaki tunaitazama.

"Haya," akasema, "sasa tuiambie nini?"

"Mpwa wangu atapiga Jumapili."

Nilikutumia ujumbe kwamba kazi imekwisha. Ukajibu kwa picha ya kidole gumba. Kizuri, kimenona.

Jumapili iliyopita mwalimu alikuja na kiti chake. Fundi cherehani alifunga duka mapema, akasema anapita tu, akapita mpaka akaketi. Chai ikapoa. Mwalimu akakumbuka nguo za kuanua. Leo hawakuja, nami sikuwaita.

Najua kazi ni nyingi, na kilicho mbali na macho huchelewa kufika moyoni. Usinipigie kwa kunihurumia. Nipigie tu siku ambayo una neno la kunifundisha, hata liwe fupi.

Mama yako anakusalimu. Fundi cherehani anauliza kama kiuno chako bado ni kilekile. Mwalimu anasema ule vizuri. Mungu akufungulie milango ambayo mimi sina funguo zake.

Wako akupendaye, hata ukiwa kimya,
Mjomba.

Nyongeza: Python sasa imo katika mashine tatu za jengo hili, na hakuna kati yetu anayejua kuandika hata mstari mmoja.