Wimbo wa Mashujaa, Nyuma ya Kinu

Rumonge, Jumamosi

Mdomoni bado nasikia chumvi ya jasho la Rama.

Tulikuwa nyuma ya kinu cha mawese, sisi watatu wa darasa la kuchora, tukirekodi wimbo wetu wa kwanza kwa simu. Yusufu gitaa, Aline bidoni tupu la mafuta kama ngoma, mimi naimba: "Nimeua simba, mama njoo utoe panya." Tunawacheka waimbaji wanaojiita mashujaa.

Rama, anayeimba vita kwenye kila arusi, akatusikia. "Watoto, muko munamucheka nani?"

"Kama si wewe, kaka, unakasirikia nini?" Yusufu akajibu.

Rama akamnyang'anya gitaa akampiga nalo mdomoni, mpaka likavunjika. Akainua tena kipande kilichobaki mkononi. Mimi, niliyefundishwa kuwasalimu wakubwa kwa mikono miwili, nikamng'ata mkono hadi akalia, "Mama weee!"

Simu ilikuwa bado inarekodi.

Tulipomwosha Yusufu ziwani nilidhani wimbo umekufa, maana gitaa hatuna tena. Akatema jino. "Usifute kitu," akasema. "Mwishoni Rama ameimba vizuri kuliko wewe."

Ninamwogopa Rama. Kesho tunautoa wimbo hivyo hivyo, pamoja na "Mama weee!" yake.