Baba na Mashine ya Kavimvira

Kavimvira, Jumanne baada ya Pentekoste

Yaya yangu Norbert, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe na wifi yangu Pudentienne pamoja na watoto. Dorine, yule anayepeleka mchele wa Luberizi huko Kalemie kwa boti, aliniambia kwamba Héritier alikuwa na homa na kwamba mlilala naye hospitalini. Natumaini amepona na anakula vizuri. Mwambie shangazi yake amemkatia kitenge cha shati, Dorine atamletea pamoja na barua hii.

Sisi huku tupo. Mvua imekawia kuisha mwaka huu, barabara ya kwenda mpakani ni matope matupu, lakini nyumba haikuingia maji. Mimi ningali nauza vitenge karibu na duane, pale forodhani. Habari za baba ndizo zilizonifanya nikae chini na kalamu. Ningeweza kupiga simu, lakini yaya, kila ninapomtaja baba kwenye simu unasema mtandao ni mbaya. Barua haina mtandao. Nakuomba uisome mpaka mwisho.

Unajua tulivyoachana mwaka jana. Kamio ya baba, lori lake la mizigo, ilikuwa imeingia kwenye mtaro wa mashamba ya mpunga kule Luberizi, Firmin msaidizi wake amevunjika mguu, na baba alikuwa anamwambia kila mtu kwamba freni ziligoma kwa sababu fundi Aimé alizifunga vibaya. Wewe ulikuja, ukalala chini ya kamio na taa yako, ukatoka ukasema freni hazina kosa, baba ndiye amezeeka. Kisha ukaiuza, kwa kuwa karatasi zilikuwa kwa jina lako. Alikuambia mbele ya majirani kwamba umemzika angali anatembea. Ukapanda boti bila kula.

Baada ya hapo baba alikuwa anakaa mbele ya nyumba, anasikiliza kamio zinazokwenda mpakani. Alikuwa akitaja aina ya kila moja kwa mlio wake bila kuinua kichwa. Hakuwa na mazungumzo mengine. Halafu ghafla akaanza kutoka kila mchana, amevaa shati la kanisani, na akirudi anaimba. Nilidhani amepata mwanamke, nikafurahi kidogo. Lakini Mama Bénédicte, shemasi wetu, alinijia dukani amekunja uso, akaniambia kwamba baba, Papa Basile mzima, mzee wa kanisa, anashinda kwenye sali ya michezo ya Fanny akipiga risasi kwenye televisheni.

Nilifunga duka nikaenda. Sali yenyewe ni nyumba ya mbao nyuma ya wale wanaobadilisha pesa. Mbele kuna televisheni za mpira, na nyuma kabisa kuna mashine moja ya zamani ambayo mume wa Fanny aliinunua Bujumbura, ndefu kama kabati, ina ekra ya kioo, mkono mmoja wa kuongozea na kitufe kimoja cha kupigia. Unatia jetoni unayonunua kwa Fanny, kichombo chako kama ndege ndogo kinatokea chini, na maadui wanashuka kutoka juu kwa wingi kama kumbikumbi. Unakwepa na kupiga, basi. Baba alikuwa amesimama mbele yake, kofia ameiweka juu ya mashine, taya limetoka mbele vile alivyokuwa akipandisha mlima wa Ngomo na mzigo. Nilimwita, hakusikia. Kichombo chake kikapasuka na yeye akacheka. Yaya, sikuwa nimesikia kicheko kile tangu mama azikwe.

Nilimwambia ananitia haya, kwamba watu wa kanisa wanamsema. Hakukasirika. Akanisogezea ule mkono wa mashine, akasema, "Minye siko mulevi, Mapendo. Shika hapa. Cheza kwanza, kisha utaongea."

Nilishika ili nimalize ubishi. Nikafa kabla sijaelewa ni kipi kati ya vile vyombo kilikuwa changu. Akatia jetoni nyingine, nikafa tena, lakini safari hiyo niliona kabisa kile kilichoniua kilikotokea, na nikataka kurudi nikikwepe. Hapo ndipo nilipoingia. Sijui niseme vipi. Mambo yanakuja mbio kiasi kwamba huwezi kuwaza neno. Deni la duka, mguu wa Firmin, wewe na baba, vyote vilinitoka, nikabaki macho na vidole tu. Na mkono unajifunza wenyewe! Pale uliposhindwa sasa hivi, ukirudi unapita, na mwili unafurahi kabla wewe hujajua. Nilipoinua kichwa, jua lilikuwa limehama mlangoni na Fanny alikuwa ananicheka.

Mwenye sifa kwenye mashine ile alikuwa Divine, mwanamke anayebadilisha pesa pale barabarani. Umri wake ni kama wangu. Ana vidole vyepesi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Nilimuuliza anapata nini humo. Akaniambia kwamba kutwa nzima watu wanamdanganya: noti bandia, noti zilizochanika, askari anayetaka kitu kidogo, mteja anayeapa alitoa zaidi. Mashine haimdanganyi. Akifa, ni yeye amechelewa, na akipita, ni yeye amepita, hakuna atakayemnyang'anya.

Baba sababu yake ilikuwa nyingine. Alisema watu wanafikiri shofere anapenda safari. Yeye alichopenda ni ule wakati mtoto anakatiza barabara pale Runingu, na mguu wako uko juu ya freni kabla kinywa hakijasema "Yesu." Alisema mtu anahisi yuko hai hapo kuliko mahali pengine popote, na kwamba tangu kamio iuzwe hakuna kitu kilichomtaka awe mwepesi. Chai inamngoja, kiti kinamngoja, hata kifo kinamngoja kwa adabu. Mashine peke yake ndiyo haikumngoja.

Basi, tukawa tunakwenda pamoja Jumamosi, mimi na yeye. Mama Bénédicte alinuna, kisha akazoea. Baba alipanda pointi wiki hadi wiki, vijana wakawa wanamwita Papa Shofere na kumpisha njia. Akaanza kuniambia kwamba mkono unaofanya hivi unaweza kushika tena volani ya kamio. Kuna mfanyabiashara mmoja aliyetafuta mtu wa kupeleka saruji Bukavu, naye alitaka kwenda kumwona. Mimi nilimuunga mkono, yaya. Nilimwambia nitakuandikia, nikuoneshe kwamba ulikosea. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno makali.

Halafu akafika mahali akakwama. Baada ya kundi fulani la maadui, kuna chombo kimoja kinachotoka pembeni kushoto, na kabla hakijapiga kinawaka mwanga mdogo. Ukiuona mwanga, unasogea. Kila mara kilimpiga baba palepale. Wiki moja, wiki ya pili. Tulimcheka, naye alicheka pamoja nasi. Kisha Jumamosi moja hakucheka. Alipiga mashine kwa kiganja, akamwita Fanny, akasema kwa sauti, "Hii mashine iko imeharibika. Mukono yake inakwama. Nani aliitengeneza vibaya?"

Fanny aliujaribu, akasema ni mzima. Baba akakataa. Divine akaja, akatia jetoni yake, akasimama mahali pa baba, akashika mkono uleule. Alipofika pale, mwanga ukawaka, akasogea, akapita. Baba akamwomba arudie. Divine akarudia, na safari hii baba aliweka kidole chake juu ya ubao wa mashine, karibu na mkono wake, akisema atakisogeza pamoja naye. Mimi nilikuwa nyuma yao. Mwanga uliwaka, mkono wa Divine ukaenda, chombo kikapita, na ndipo kidole cha baba kikasogea.

Alikitazama kile kidole. Akavaa kofia, akamshukuru Divine kama mtu anavyomshukuru aliyempa maji, tukatoka.

Tulipofika pale kamio zinapongojea duane, alisimama akashika ubavu wa moja. Haya ndiyo aliyoniambia, nayaandika kama yalivyotoka kinywani mwake: "Freni zilikuwa nzima. Ile ng'ombe ilipoingia barabarani niliiona. Firmin alilia, 'Papa, ng'ombe!' na minye nilikuwa nimeshaiona. Mguu ndio ulikuja nyuma." Nikamuuliza kwa nini basi alimsema Aimé. Akajibu kwamba pale mtaroni, Firmin akilia kwa maumivu, kinywa chake kilisema freni, na baada ya hapo hakujua namna ya kulirudisha lile neno. Alijua lilivyomharibia Aimé kazi. Alijua wateja walivyomkimbia. Kila alipotaka kulitengua aliona watu wakimcheka mzee asiyeona mbele. Ila leo, akasema, amejisikia akimtafuta mtu wa kumlaumu kwa mkono wa mashine ya michezo, na ameona haya kwelikweli.

Jumatatu yake alikwenda karakana kwa Aimé. Nilimsindikiza. Alilisema lote mbele ya wateja waliokuwepo, na mbele ya Firmin, ambaye siku hizi anafanya kazi pale akichechemea. Aimé aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa. Kisha akasema, "Papa, mwaka mzima." Lakini akamletea kiti, na baba akakaa.

Jioni ile nilimpa simu ili akupigie. Akakataa. Alisema mtoto uliyemtukana mbele ya majirani haombwi samahani kwa simu, kwamba atapanda boti aje Kalemie baada ya Pentekoste, akukute na mke wako na wanao, aseme wakisikia. Alinunua hata viatu. Aliniomba nisikuambie lolote, ili usije ukajitahidi kumzuia kwa ajili ya safari ndefu. Nikanyamaza, kwa kuwa haki ya kusema ilikuwa yake.

Yaya, Alhamisi kabla ya Pentekoste baba alikuwa ananawa uso uani. Nilisikia beseni likianguka. Nilimkuta ameegemea ukuta, mdomo umepinda, ananitazama kama mtu anayetafuta jina langu. Upande wake wa kuume haumfuati tena, na maneno hayatoki, sauti tu. Tuko hospitalini. Daktari ameniuliza kama mkono ulikuwa umeanza kuchelewa siku za nyuma. Nilimjibu ndiyo. Sikumwambia kwamba tulikuwa tunaucheka. Akasema labda zilikuwa dalili na labda sivyo, kwamba uzee nao hupunguza wepesi wa mtu. Alilisema hilo kwa upole, lakini mimi nikilala naona ule mwanga mdogo kushoto, wiki moja, wiki ya pili, na sisi tunacheka.

Daktari anasema anasikia na anaelewa yote. Nimemuuliza baba kama naweza kuvunja ahadi nikakuandikia. Alifumba macho, akafumbua, akanibana mkono kwa ule wa kushoto. Kwa hiyo nakuletea maneno aliyokuwa ameyatayarisha. Aliyajaribu kwangu njiani tukitoka kwa Aimé, akaniuliza kama yanatosha. Alisema: "Nitamwambia Norbert hivi: weye ulinitoa barabarani kabla sijaua mutoto wa muntu, na minye nikakuita muuaji wangu."

Nilimwambia yanatosha.

Sasa usingoje likizo, na usingoje hasira ziishe. Njoo nazo kama bado unazo, baba anaweza kuzisikia. Boti ya Dorine inageuza Kalemie Ijumaa kurudi huku. Akishuka peke yake nitajua umeamua vipi, na sitakuandikia tena juu ya jambo hili.

Firmin na Aimé wanakusalimu. Walikuja juzi pamoja, Aimé amebeba supu. Msalimie wifi, mbusu Héritier, uwasalimie na majirani wote wa huko wanaotufahamu. Mungu awalinde ziwani na nchi kavu.

Mimi mdogo wako anayekupenda,

Mapendo