Kitabu Alichotakiwa Kukikana Baba Mkubwa

Kilcarra,
Kaunti ya Mayo,
Ireland.
13 Oktoba, 1938

Mpendwa Shangazi Attracta,

Pokea salamu zetu, wewe na wote wa nyumbani kwako huko Boston. Mguu unaendeleaje? Ulisema ngazi za huko zinakutesa. Sisi tu wazima, ingawa mvua imeozesha viazi vya shamba la chini. Mtoto wetu Enda ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata rozari yangu. Kile kitambaa cha bluu ulichotuma nimemshonea kikoti. Asante sana.

Shangazi, ninayo habari ya kaka yako, Baba Mkubwa Ultan, na si njema.

Macho yake yamekwisha kabisa. Tangu Kwaresima alikuwa akiipika sentensi moja tu kichwani. Nikiwa namenya viazi ananiambia, "Finola, toa neno mvua, weka unyevu." Kesho yake anairudisha mvua. Mimi na kisomo changu kidogo nilikuwa naandika tu, nikidhani ndivyo walivyofanya kazi yeye na waandishi wenzake kule Paris. Kisha akaacha hata kuitaja. Siku hizi ananiita Attracta, nami naitika.

Mwaka huu ilikuwa zamu yetu kupokea Misa nyumbani. Nilipaka kuta chokaa, nikaweka kando mayai ya staftahi ya padre. Ndipo Paroko akaja, akasimama nje ya kizingiti. Alisema hataingiza Sakramenti chini ya paa la mtu aliyeandika kitabu kile kilichopigwa marufuku, mpaka mwenyewe akikane kanisani mbele ya watu. Na hapa hakuna hata mmoja aliyekisoma! Wanajua tu kwamba hakina nukta, na kwamba sisi wa Kilcarra tumo ndani.

Nilidhani Baba Mkubwa atamfukuza. Lakini alimpapasa Enda kichwani, akasema, "Nitasimama. Huyu bado ataishi sana na majirani."

Basi Jumapili nikamvisha shati jeupe, nikamshika mkono hadi mbele ya altare. Paroko akauliza kwa sauti, "Ultan Garvey, unakikana kitabu chako?"

Akageuza uso huku na huku. "Kitabu gani, Padre?"

Kanisa zima likacheka. Paroko akaiva uso. "Unanidhihaki ndani ya nyumba ya Mungu?"

"La hasha, Padre. Nitajie tu ni kipi, nami nitakikana."

Wakacheka zaidi. Paroko akatuelekeza mlangoni.

Misa imehamishiwa kwa akina Tuohy. Mama Tuohy alisimama langoni kwetu akitazama kuta. "Maskini Finola, chokaa yote hiyo! Si bora ungepaka banda la kuku?" Dukani wanaume wanampiga mume wangu Malachy mgongoni, "Baba yako mkubwa kamweza padre!" Yeye hacheki. Aliniambia, "Mama Enda, mzee kanivua nguo mbele ya parokia nzima. Siku ya Marehemu ikipita naazima mkokoteni, anakwenda nyumba ya maskini." Nikasema hakudhihaki, amesahau. "Atasahauje kitabu kilichomla miaka kumi? Anatucheka, kama alivyotucheka maisha yake yote."

Lakini mimi najua. Jioni ya Jumapili ile nilikitoa kitabu chini ya godoro lake, nikamsomea karibu na moto, huku nikijikwaa. Ni pale mwanamke anapoanika nguo za mtoto aliyekwisha kuzikwa. Maneno yanakwenda bila kupumua, na mimi pia pumzi ikaniishia. Nikamtazama, machozi yanamtiririka. Akanishika mkono.

"Attracta," akasema, "nani kaandika haya? Amemjuaje mama yetu?"

Nikageuza ukurasa, Shangazi, nikaendelea kusoma.

Nimemweleza Malachy hayo, anasema huruma imenipofusha. Kwa hiyo nakuomba, mwandikie. Wewe ndiye uliyemlea, neno lako hawezi kulikanyaga. Mwambie amwache kaka yako afie kitandani pake. Najua meli ni za polepole, na hadi Siku ya Marehemu zimebaki wiki tatu tu. Lakini mara nyingine barua huwahi, sivyo? Kama mguu unaruhusu, njoo mwenyewe. Kuta bado nyeupe.

Nisalimie mumeo Jerome, na Dympna na watoto wake. Bikira awafunike na vazi lake, baridi ya huko isiwaingie.

Na ukija, naye akakuita Finola, itika tu. Mimi nimeitika kwa jina lako muda wote huu.

Ni mimi, mke wa mwanao, nikupendaye kabla hatujaonana,
Finola