Wauzaji Watatu Wamekuwa Mmoja

Papa,

Tangu tukuzike, sisi wenye maduka ya vyakula hapa Matonge, mtaa wetu huku ng'ambo, tunasalimiana kwa macho tu.

Tulikuwa na wauzaji watatu wa jumla wa kutuletea unga wa muhogo, mawese na samaki wakavu. Mmoja akipandisha bei, unakwenda kwa mwenzake. Bon, yule mkubwa amewanunua wale wawili. Kisha akamtuma mtu wake, mpole, wa suti, na mkataba: tununue kwake peke yake, na bei za dukani azipange yeye. "Maman, ni formalité tu, karatasi ya kawaida."

Maman Béa, jirani yangu, alisaini palepale. Tonton Kasongo alikataa. Wiki iliyofuata gari la mizigo la yule mkubwa lilipita mbele ya duka lake bila kusimama, na halijasimama tena. Amefunga. Hakuna anayemtaja.

Nikakukumbuka kitandani kule hospitali ya Woluwe, ukinifundisha historia kana kwamba ningali darasani kwako Lubumbashi. Ulisema zamani Wamarekani waliona kampuni za mafuta na sukari zikiungana chini ya mkono mmoja. Reli zikampunguzia tajiri wa mafuta nauli ya mizigo kwa siri, mkulima akalipa yote. Ndipo wakatunga sheria ya kuwazuia wakubwa wasiwafungie wengine biashara. Nikauliza kama ni kwa ajili ya bei. Ukakasirika.

"Bei njo kitu kidogo, mama. Waliogopa mufalme. Muntu mwenye kushika chakula yako, anashika na kinywa yako."

Halafu ukakohoa, ukaniambia nisilotaka kusikia: miaka ile ya mwanzo, sheria hiyohiyo iliwageukia wafanyakazi waliogoma. "Donc, usiamini karatasi. Angalia nani anashika mupini."

Papa, sasa naelewa. Hapa napo sheria ipo, na ofisi ya kuisimamia ipo. Jumapili, baada ya misa kule Koekelberg, tulikaa wenye maduka watano nyumbani kwangu tukakubaliana kushtaki pamoja. Jumatatu asubuhi yule wa suti alikuja dukani. Safari hii hakuleta mkataba. Alitaja majina yetu moja moja, kwa mpangilio tuliokaa mezani. Akanunua chumvi, akaaga.

Nani alisema? Sijui. Nawaangalia wote wanne na siwezi... Walishajiondoa kwenye mashtaka, kila mmoja na sababu yake.

Leo nimepeleka barua ya mashtaka mwenyewe. Karani akaigeuza, akatafuta sahihi nyingine. "Uko peke yako, madame?" Nikajibu ndiyo. Niliporudi, gari la mizigo lilikuwa limeshapita.

Pumzika, Papa. Unga nilio nao utanifikisha Ijumaa. Baada ya hapo sijui. Lakini nakuahidi, wakija kuniomba niondoe jina langu, watalikuta palepale.

Binti yako,
Mwamba